Gari la Kijivu, Gari la Manjano na Kigoda cha Saveta

Mtaa wa Mawaridi 18, ghorofa ya nne,
Brașov,
Romania.

Jumatatu, 14 Oktoba 2019

Mpendwa Shangazi Veturia,

Shikamoo, shangazi yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Zaragoza, goti limetulia, na wale wazee unaowatunza wanakuacha ulale. Mjomba Traian kikohozi kimemwachia? Mwambie nimemwekea asali ya milimani, nitaituma na mtu wa kwanza atakayekuja huko.

Sisi hapa ni wazima, ila nimechoka. Nimechoka miguu, nimechoka mgongo, hata kucha zangu zimechoka, na ukisoma utaona kwa nini. Lakini ni uchovu wa mtu aliyeolewa mwezi wa nane, ambaye hadi leo akisikia ufunguo mlangoni Ijumaa jioni moyo unamruka kama samaki kwenye ndoo. Sikujua kama mtu anaweza kuchoka hivi na bado akaimba akiosha vyombo.

Shuka ulizotutarizia zilifika salama. Mama mkwe Valeria alizipitishia kidole mshono kwa mshono akitafuta kosa. Alipolikosa akasema siku hizi Hispania wana uzi mzuri. Kwake hiyo ni sifa kubwa, ipokee.

Sasa nikueleze habari ya magari, maana najua mama amekupigia simu na amekueleza nusu.

Unajua Sabin yuko na lori juma zima, Austria na kurudi. Mimi naye tuna Jumamosi na Jumapili tu. Watu walipotutunza harusini, wengine walitushauri tununue friji, wengine kabati. Sabin akasema anataka gari dogo la mbio, lililotumika, la kupanda nalo milimani mwisho wa juma. Nilimwuliza kama mtu aliyeshika usukani siku tano hachoki nao. Akanijibu taratibu, kama anavyojibu kila kitu.

"Lori linaniendesha mimi, Ilinca. Nataka moja ambalo nitaliendesha mimi, na wewe pembeni yangu."

Shangazi, ungekataa? Mimi sikuweza. Mama mkwe ndiye aliyeweza. Aliposikia kwamba magari ya namna hiyo yana viti viwili, aliweka kijiko chini. "Na mimi mtaniweka wapi? Kwenye boneti, kama shada la maua la bibi harusi?" Sabin akamwambia ataonekana vizuri sana hapo, tutamfunga na utepe. Mama mkwe alimnunia mpaka chakula cha jioni.

Basi Jumamosi zetu zikaanza kuliwa. Tulikwenda Ploiești, tulikwenda Târgu Mureș, tulisimama mvuani kwenye viwanja vya watu tukitazama chini ya magari kama tunaotafuta paka aliyepotea. Mwishowe yakabaki mawili.

La kwanza ni la kijivu, mali ya daktari wa meno wa Sibiu. Safi mno, shangazi. Viti vinapasha joto, injini huisikii, na kila matengenezo yana karatasi yake. Tulizunguka nalo mji na hakuna aliyesema neno, ilikuwa kama tumekaa tukisubiri kung'olewa jino. Tuliposhuka Sabin alisema, "Zuri, zuri," mara mbili, vilevile anavyosema akinywa supu ya mama yangu.

Mimi nililitaka hilo, na nikuambie sababu yangu ya kweli. Jirani yetu Otilia, wa ghorofa ya pili, mumewe Dorel ana gari la zamani la mbio. Kila Jumamosi Dorel analala chini yake tangu asubuhi. Otilia aliniambia nikiwa bado nina maua ya harusi sebuleni. "Dada, mimi niliolewa na jozi ya viatu. Uso wake nauona Krismasi na Pasaka." Alicheka, lakini jicho lake halikucheka. Kuanzia siku hiyo niliogopa. Nina siku mbili tu za mume wangu, shangazi. Sikutaka kuzigawa na gari.

La pili ni la manjano, manjano ya haradali, na kwa umri ni dada yangu mkubwa. Paa lake ni la turubai, unalikunja kwa mikono. Liko kijijini, chini ya milima ya Făgăraș, kwa Mzee Gavril, daktari wa mifugo aliyestaafu. Mkewe, Saveta, alifariki msimu wa baridi wa mwaka juzi, na binti yake anamchukua akaishi naye Cluj kwenye nyumba ya ghorofa. Gari halina pa kwenda.

Juzi Jumamosi, tukiwa njiani kwenda huko, Sabin aliniambia kwamba tunakwenda kulitazama kwa heshima tu, kwa kuwa tulishamwahidi mzee. Jumatatu atampigia simu daktari wa meno, tutachukua la kijivu. Hakulalamika. Alisema mimi ndiye nitakayekaa pembeni, kwa hiyo mimi nichague. Nilimbusu shavuni, nikafurahi kwa muda wa kona tatu hivi. Halafu nikaitazama mikono yake kwenye usukani wa gari tuliloazima kwa kaka yake, imelegea kama ya mtu anayerudi kazini, na furaha ikaniponyoka.

Mzee Gavril alitupokea kwa mikate ya jibini na hakutuficha kitu. Alisema gari lake ni kama mbuzi wa maziwa, usipolitazama siku mbili linaanza kuugua tumbo. Kila mwisho wa juma litaomba mkono wa mtu. Nilimtazama Sabin kama kumwambia, unaona? Yeye alikuwa ameshapewa ufunguo.

Alipotoka kulijaribu, nilibaki bandani na mzee. Kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Mzee akanipa kigoda nikae, kigoda kifupi cha miguu mitatu, ngozi yake imelainika kwa kukaliwa. Akanieleza kwamba ni cha Saveta. Kila Jumapili baada ya ibada yeye aliingia chini ya gari, na Saveta alikaa hapo, akimsomea gazeti na kumpa spana. "Nilifikiri nampotezea Jumapili zake," akaniambia. "Nikamwuliza siku moja. Akasema mezani wanaume hamsikii, mnatazama sahani. Huku chini huna pa kukimbilia."

Akaleta chupa ya țuică, pombe kali ya plamu zake mwenyewe, na vikombe viwili vidogo. Akamwaga tone chini kwa ajili ya marehemu, akaninyanyulia chake. "Mlimiliki kwa afya, binti yangu." Mimi nikajibu amina, Mungu akusikie, tukagonganisha, nikanywa yote.

Wewe uliyezaliwa kijijini ungenidaka mkono, najua. Mimi nimekulia hapa mjini ambako watu wanasaini karatasi. Nilidhani ananikaribisha bibi harusi na kunipa joto.

Sabin akarudi. Shangazi, tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu padre alipotuvika mataji ya harusi. Mashavu mekundu, nywele zimesimama kama za mtoto aliyetoka kuogelea. Akaanza kueleza habari ya kona na sauti ya injini, kisha akakumbuka ahadi yake kwangu, tabasamu akalikunja kama paa lile. Akaufunga mlango wa gari kwa mikono miwili, polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

"Hongera," mzee akamwambia. "Mkeo ameshanunua."

Sabin akaviona vikombe. "Ilinca, umekunywa?"

"Nimekunywa. Kulikuwa na baridi."

"Akasema nini kabla ya kunywa?"

"Akatutakia afya. Nikasema amina. Mtu akikutakia afya ungesema nini, hapana asante?"

Akakaa kwenye ngazi, akafunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Ndipo akanieleza kwamba ile ni aldămaș, kinywaji cha kufunga biashara. Huko kwao ukishakunywa hurudi nyuma, hata ungekuwa umenunua ng'ombe kipofu. Babu yake mwenyewe alibaki na farasi mbovu miaka mingi kwa sababu ya kikombe kimoja. Nilihisi uso unanichoma. Jumamosi zangu zote nilizokuwa nazilinda nilizimeza mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Sabin akasimama, akavua kofia, akamwomba mzee radhi. Akasema mimi ni mtoto wa mjini, sikujua, na kwamba tuna gari lingine tunalolifikiria. Alisema kwa adabu mpaka nikamwonea huruma. Mzee Gavril akachukua kikombe changu, akakigeuza juu chini. "Basi tuseme ilikuwa chai," akasema. "Nendeni kwa amani, wanangu."

Tulikuwa huru. Sabin akamrudishia ufunguo, akaanza kutafuta koti langu. Ningenyamaza tu, leo tungekuwa na la kijivu.

Lakini nilikuwa bado nimekaa kwenye kile kigoda, na kutoka hapo nilikuwa naona viatu vya Sabin na upande wa chini wa gari. Nilifikiri juu ya Otilia. Hajapata kushuka pale uani, shangazi. Anamtazama Dorel kutoka dirishani ghorofa ya pili, anamngoja apande. Na mimi nilikuwa najiandaa kungoja vivyo hivyo, ila ndani ya gari lenye viti vya joto, pembeni ya mtu anayesema zuri, zuri.

Nikamwuliza mzee kama kigoda kinauzwa pamoja na gari. Akanitazama, macho yakamlowa. Akasema Cluj hakuna pa kukiweka.

Nikakigeuza kikombe mwenyewe, nikaomba na cha tatu, nikamimina vyote, nikampa kila mtu chake. "Hii sasa si chai," nikasema. "Semeni yale maneno tena, nayajua sasa."

Mzee akayasema kwa niaba ya sote.

Tulirudi nalo jioni hiyohiyo, nikiendesha mimi, kwa sababu vile vikombe vyangu viwili vilikuwa vya kidole na Sabin alinywa chake kwa furaha mno. Hapana, nakutania. Tulilala kwa mzee, akatupa ugali na jibini na malai, tukaondoka asubuhi baada ya ibada. Tulipokaribia Brașov likaanza kukohoa kama Mjomba Traian. Mama mkwe alikuwa anatungoja mlangoni, akalizunguka, akasema angalau rangi yake itaonekana na magari ya wagonjwa. Kisha akaingia, akakaa kwenye kiti changu, akaomba azungushwe mtaa. Wamezunguka mara nne.

Alasiri Sabin akaingia chini. Nikashusha kigoda uani, nikakaa. Nilimpa spana isiyo yenyewe, nikampa nyingine isiyo yenyewe, mafuta yakaniingia kwenye kucha. Halafu kutoka kule chini akaniambia jambo ambalo hajaniambia mezani wala kitandani. Kwamba amechoka na lori. Kwamba kuna siku usingizi unamnyemelea barabarani Austria, na anaimba jina langu kwa sauti ili asisinzie. Kwamba alinyamaza ili nisijute kuolewa naye.

Nililia kimyakimya nikamwambia aache, tutakula viazi. Akasema atauliza kazi kwenye karakana ya Săcele, hapa karibu. Hakutoka kunitazama, na sikutaka atoke. Otilia alikuwa dirishani. Nikampungia mkono ashuke.

Leo alfajiri ameondoka tena, nimemmwagia maji nyuma ya lori kama desturi, safari iwe njema. Nimechoka, shangazi. Niombee huyo mtu arudi Ijumaa.

Nisalimie Mjomba Traian, binamu Cosmina na mtoto wake. Mama na baba wanakusalimu, na mama mkwe anauliza ule uzi unauzwa wapi. Mungu alilinde goti lako na aikunje njia iliyo kati yetu, ufike hapa kabla theluji haijafunga milima. Kuna kiti kimoja pembeni ya Sabin, nitakupisha. Mimi nina kigoda.

Ni mimi mwana wa kaka yako, niliyeolewa na jozi ya viatu vinavyojibu,
Wako akupendaye sana,

Ilinca