Naisula Amenipita Mlimani

Olmotonyi, 4 Oktoba 2020

Baba Naisula mpenzi,

Ng'ombe wetu amezaa jike! Lakini habari kubwa ni mwanao. Shule zilipofungwa kwa corona, mimi kwa hofu nilimfungia ndani miezi mitatu. Alipotoka, kilima kidogo tu anahema, na hata mbili mara tatu imempotea. Ukaandika arudie darasa la pili.

Tangu hapo kila jioni tunakata majani ya ng'ombe, tunapanda mlima tukihesabu hatua tatu tatu. Leo amenipita! Amefika juu na mzigo kichwani, anapiga kelele: "Mia tatu na sita! Mama, umezeeka nini?"

Darasa harudii, mume wangu. Mlango niliufunga mimi. Kichwa chake ni kizima.

Miguu inauma, moyo unacheka,
Mama Naisula