Kiti cha Nyuma

Tarehe 4 Machi

Kwa binti yangu fundi,

Salamu zikufikie hapo gereji, wewe na mafundi wenzako. Mimi mzima kama jiwe la mto. Goti tu linanikumbusha umri, nami silisikilizi. Simu nimemrudishia mjomba wako, inakatika kabla sijamaliza kusema. Barua haikatiki.

Mama yako hajambo kidogo. Kile kidonda cha mguuni kimekataa kufunga. Muuguzi wa zahanati anataka akione kila Jumatatu na Alhamisi, akioshe, akifunge upya, maana mwenye sukari akizembea hukatwa mguu. Na zahanati ni kilomita saba. Kwa hiyo nanunua pikipiki. Nakuarifu, sikuulizi. Miaka kumi na tisa nilikuwa tarishi, nikapeleka mifuko ya barua kwa pikipiki kwenye matope yaliyoshinda malori, na hakuna bahasha iliyolowa. Hawa wanaojiita madereva siku hizi walikuwa bado wanafungwa nepi.

Ni mimi, baba yako.

Tarehe 11 Machi

Shikamoo baba,

Hatujambo huku. Kazi ni nyingi, grisi imefika mpaka kwenye karatasi, unisamehe. Mpe mama pole.

Sikufundishi kuendesha, baba, nani angethubutu? Lakini kila siku nafungua pikipiki ambazo watu walizinunua kwa macho. Juzi kaja mchuuzi wa mikate, kanunua ya mashindano, mikate yote inafika imekuwa chapati. Kabla hujatoa hela, jiulize inapita njia gani, inabeba nini, na anayeipanda ana kimo gani. Kwako jibu ni moja: inambeba mama. Tafuta yenye kiti kirefu cha chini, na chuma kipana cha kuwekea miguu ubavuni, maana mama hukaa upande. Injini ndogo inatosha. Na iwake kwa kitufe, si kwa teke, kwa ajili ya hilo goti usilolisikiliza. Nisubiri mwisho wa mwezi nije tuchague wote.

Wako mwanao.

Tarehe 20 Machi

Kwa binti yangu,

U mzima? Sisi wazima. Sasa nisikilize. Mimi niliyekubeba mabegani leo unanipima goti! Kiti cha chini! Nikae chini kwani nachuma mchicha? Mtoto akililia wembe mpe, lakini mimi si mtoto, na wembe nimewanolea watu wengi.

Nimeshanunua. Cc mia mbili na hamsini, kiti kinanifika kiunoni, tairi zina meno kama mamba. Inawashwa kwa teke, na teke ninalo. Muuzaji mwenyewe alisema, "Mzee, hii haimtaki kila mtu." Nikamwambia, "Ndiyo maana imenitaka mimi." Nimepita nayo sokoni mara tatu na sikuwa na cha kununua. Kinyozi alimwacha mteja kichwa nusu akatoka nje kuangalia. Uliza mtu yeyote.

Baba yako, dereva.

Tarehe 27 Machi

Shikamoo baba,

Hongera ya pikipiki. Barua yako niliwasomea wenzangu, tukamcheka sana huyo mteja wa kichwa nusu. Lakini nimeirudia mara mbili. Humo yumo muuzaji, yumo kinyozi, mama hayumo. Anakaaje juu ya hicho kitu? Nijibu hilo tu.

Mwisho wa mwezi sitaweza kuja. Mwenye gereji amelazwa, nimeachiwa funguo zote.

Wako mwanao.

Tarehe 10 Aprili

Kwa binti yangu,

Salamu. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninazo. Mama yako amenidhalilisha. Hapandi!

Siku ya kwanza nilimwekea kigoda. Akakanyaga, akainua mguu, mguu ukakataa njiani. Nikamsukuma, akaniuliza kama napakia gunia. Siku ya pili alipanda, akaanza kuteleza hata darajani hatujafika. Eti kiti chembamba, eti miguu inaning'inia. "Niteremshe, baba fundi, nitatembea." Na kweli anatembea! Kilomita saba na fimbo yake! Mimi siwezi kumwacha peke yake, si mnyama, kwa hiyo namfuata ubavuni kwa gia ya kwanza, injini inachemka, watu wanauliza huyo mama amekamatwa kwa kosa gani. Nikimwambia panda, ananijibu, "Wewe na farasi wako tangulieni." Mfuko wa barua haukuwahi kunijibu hivyo hata siku moja!

Alhamisi mbili hajaenda kabisa, anasema amechoka. Ukaidi huu sijui kautoa wapi. Mwandikie umwambie.

Baba yako.

Tarehe 15 Aprili

Baba, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Nimwambie nani? Mwenye kidonda anatembea, mwenye miguu miwili mizima yuko juu ya pikipiki anamsindikiza! Mfuko wa barua haukukujibu kwa sababu hauna mguu wa kuuma. Miaka kumi na tisa hukubeba mtu hata mmoja, baba, ndiyo maana umenunua pikipiki ya mtu mmoja. Kila Alhamisi anayokosa, unaoliwa ni mguu wake, si heshima yako.

Irudishe. Na kama macho ya watu wa sokoni yana uzito kuliko mguu wa mama, basi usinijibu.

Mwanao.

Tarehe 22 Mei

Kwa binti yangu fundi,

Salamu, na natumaini mwenye gereji amepona. Sikukujibu, najua ulivyofikiri. Siyo hivyo. Barua yako ilinikuta hospitali. Mama yako alishikwa na homa, mguu ukavimba mpaka gotini. Wamemkata vidole viwili. Mguu umebaki. Alinikataza nisikwambie, akasema utafunga gereji ya watu uje. Daktari aliponieleza nilitaka kumgombeza, nikaishia kuitoa barua yako mfukoni na kuisoma tena.

Uliniandikia makali. Ni ya kweli, lakini makali. Tuyaache.

Wiki iliyopita nililirudisha lile dubwana. Muuzaji akaanza tena, "Mzee, jaribu hii, inaendana na hadhi yako." Nikamwambia funga mdomo, mnunuzi amekaa pale. Mama yako alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu una bandeji. Tukampandisha kwenye moja, akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa. Zilikuwa tisa. Muuzaji jasho linamtoka, "Kwani dereva ni nani?" Mimi. "Basi si upande wewe ujaribu!" Nikamwambia, kijana, mimi naendesha hata meza, nipishe, mlete mama kwenye ile ya kijani. Watu wakajaa mlangoni, na yule kinyozi yumo. Wajae.

Ile ya kijani alipanda mwenyewe, hakushikwa na mtu. Akashuka. Akapanda tena. Ni kadogo, cc mia na kumi, kanalia kama cherehani, nikikaa magoti yananifika kwenye mikono ya usukani. Nikamuuliza, kwa nini hii? Akasema, "Miguu ina pa kukaa. Na haina kelele, nitakusikia vizuri ukigomba."

Jumatatu tulifika zahanati tukakuta mlango umefungwa. Saa mbili kamili! Muuguzi akaja anajivuta, kikombe cha chai mkononi, na nyumba yake iko nyuma ya ukuta. Nilimwakia. Mgonjwa ametoka kilomita saba amekuwahi, wewe wa hatua ishirini uko wapi? Mama yako akanivuta shati ninyamaze. Sikunyamaza. Na Alhamisi tuko pale tena, ajiandae.

Ni mimi, baba yako.