Ukulele Yako Haina Adabu

Papa,

Nilitaka kuanza na salamu nzuri, nikashindwa. Acha nianze na hasira, juu ndiyo iko karibu. Ukulele yako haina adabu. Miezi mitatu imenitesa, imenichubua vidole, imenifanya kicheko cha mutaa wetu nzima wa Katoyi. Na katika yote hayo mutu ninayemulaumu ni weye.

Hujui vile ilianza, ulikuwa umeshalala. Wiki mbili nyuma ya kukuzika, familia ilikaa kupanga siku ya kumaliza kilio. Papa Anselme, mukubwa wa korali yenu, alikuja naye na ile koti yake ya vifungo vya kung'aa. Akasema siku hiyo korali itaimba wimbo wako wa Vitshumbi, kijiji chenu cha wavuvi, ule uliotunga mwenyewe juu ya wamama wanaopasua samaki, na yeye ataupiga ku sinté, kile kinanda chake cha umeme. Ku sinté, Papa! Na ile ngoma ya mashine inayolia tika-tika-tika bila kuchoka. Mimi nikasimama, hakuna aliyeniuliza, nikasema: "Ule wimbo nitaupiga mimi, na ukulele ya Papa."

Watu walicheka ku kilio chako. Hawakuficha hata. Kila mutu pale alijua kama Masika, mutoto wako wa kwanza, mushonaji wa nguo, hana masikio ya muziki. Walijua juu weye ndiye uliyewaambia, na ukawaambia miaka makumi mbili na zaidi.

Nikaitosha ukulele ku musumari wa ukuta, pale ulikuwa unaitundika. Shangazi Vitoria, dada yako, akanikamata mukono na kunionya: "Kitu ya marehemu haigeuzwe mbele ya kumaliza kilio. Utapiga, lakini usibadilishe hata uzi moja." Unamujua dada yako. Akisema kitu mara moja, imekuwa sheria ya kanisa. Nikaapa.

Papa Anselme akaniletea karatasi ya akorde, aliitosha ku enternet. Michoro ya nyuzi ine na vidoti vya kuonyesha pa kuweka vidole. Aliniletea akicheka na pua, kama mutu anayempa mbuzi kitabu. "Akorde tatu tu," alisema. "Hata eleve wa primeri ataweza."

Basi eleve wa primeri angekuja kuniona. Kila siku nyuma ya kazi, nilifunga mulango wa atelie, nikakaa kati ya mashine na vitambaa vya watu, nikaweka kidole pale kidoti kilisema, nikapiga. Sauti ilitoka kama sufuria inayoanguka. Nikaweka tena. Sufuria. Nikasukuma nguvu mpaka ncha za vidole zikawa na mifereji, mimi mwenye vidole vilivyozoea sindano! Jirani yangu anayeuza makala ya kupikia aliniita kupitia ukuta wa mbao: "Mama Masika, hiyo nyama unayochinja haijafa bado?" Nilimutukana. Kisha nilikaa chini nikalia, si kwa kilio chako, nisikudanganye. Nililia juu ya haya.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Nyuzi zilikuwa zinalegea, na mimi nilizirudisha mwenyewe, bila mashine, bila kuuliza mutu. Unakumbuka zile noti ine ulizokuwa unaimba na mudomo kila mara mbele ya kuanza? Niliziimba, nikakaza, zikakutana. Sikujiuliza namna gani mutu bila masikio anafanya vile. Sisi watu tuliofundishwa kujidharau, tunajidharau vizuri sana.

Ikabaki wiki mbili. Nikameza haya yangu, nikabeba ukulele mpaka ku kanisa la parwasi, kwa Papa Anselme. Aliikamata na vidole viwili, akatazama karatasi yake, akapiga. Sufuria! Nilifurahi, Papa, nilifurahi mpaka nikaona haya. Yeye akakunja uso, akagusa nyuzi moja moja, akasema nyuzi ziko sawa kati yao, lakini mbao imekufa, imekunywa baridi ya ziwa. "Iwekeni ku meza ya kumbukumbu," alisema, "mimi nitapiga sinté." Makumi tatu ya miaka alisimama pembeni yako kila Jumapili. Makumi tatu! Kumbe alikuwa anatazama vifungo vyake.

Nilirudi kushona. Familia ilikuwa imenipa kazi ya nguo za siku ile, na picha yako ilitakiwa kuchapwa ku kitambaa. Ile picha ya parwasi, umekaa ku kiti, unacheka, ukulele ku kifua. Nikaiweka ku meza ili nipime. Ndipo nikaona mukono wako unaopiga nyuzi ni wa kushoto.

Nikasema hapana, wameigeuza picha. Watu wa machapisho wanafanya hivyo kila siku. Lakini ile shimizi uliyovaa niliishona mimi, Papa. Mufuko wa shimizi ya mwanaume ninauweka kushoto, pale moyo unapiga, na ku picha mufuko ulikuwa kushoto kwako. Picha ilikuwa sawa. Mukono ulikuwa wa kushoto, na nyuzi zako zilikuwa zimefungwa kinyume, kwa ajili ya mukono huo.

Nimekutazama ukipiga tangu ningali mugongoni mwa Mama. Sikuona. Wote hatukuona. Ku macho yetu ule haukuwa mukono, ulikuwa Papa anapiga muziki.

Nikachukua karatasi ya Papa Anselme, nikaigeuza kama ninavyogeuza karatasi ya patron kwa kukata mukono wa pili wa nguo, nikaibandika ku dirisha ili mwangaza upite nyuma yake na michoro ionekane upande mwingine. Nikakamata ukulele vile ku picha, mukono wa kushoto ku nyuzi. Nikapiga mara moja. Akorde ikatoka, nzima, safi, nayo ikakaa ndani ya nyumba muda kidogo.

Unafikiri nilifurahi? Wapi! Nilisimama nikakutukana kwa sauti, peke yangu, na picha yako mbele yangu. Nilikuita munafiki. Narudia hapa kwa maandishi ili usiseme hukusikia: ulikuwa munafiki, Papa.

Juu nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kama sita, ninakula na mukono wa kushoto, na weye ulikuwa unanipiga ku vifundo vya vidole na mwiko wa ugali. "Mukono ya kushoto haipane kitu, haikule kitu! Samaki hukunjwa ingali mbichi." Ulinifunga ule mukono ku kiti na kipande cha kitenge, juma nzima, mpaka nikajua kukamata kijiko na ule mwingine. Hiyo nilikuwa nimeshakusamehe, wazee wote wanafanya. Lakini kuna ya pili. Nilikuwa na miaka tisa, ulikuwa umetoka, nikaishusha ukulele, nikaikamata vile nilikuona ukiikamata. Ulipoingia ulininyanganya. "Si vile! Mukono ya kuume!" Ukaniwekea ku mukono wa kuume, ukangojea. Nikapiga. Sufuria. Ukacheka, ukawaita wajomba, ukasema: "Huyu mutoto hana masikio." Nami nikatoka nje, ku mawe, nikakaa pale mpaka Mama akaniita kula.

Ulijua. Hiyo ndiyo inaniuma. Nyuzi ulizifunga weye mwenyewe, ulijua kama mukono wa kuume hauwezi kutosha sauti nzuri pale, na ukaniacha niamini kama kasoro iko ndani ya kichwa changu. Sijaimba ku korali hata siku moja. Ku harusi yangu mwenyewe nilifungua mudomo bila sauti, bwana yangu akafikiri nina aibu. Kwa sababu ya weye, mukubwa mwenye heshima, mwenye kiti chake ku parwasi.

Nilienda kwa Shangazi nikamuambia yote, bila heshima. Aliendelea kuchambua maharagi. Kisha akasema: "Baba yetu alimukalisha juu ya huo mukono. Kila chakula, ku Vitshumbi. Anakula na wa kuume, wa kushoto uko chini ya matako, mpaka unakufa ganzi. Alipiga muziki ku pirogi, katikati ya ziwa, mbali na macho ya baba. Alikuogopea, usipate yale alipata yeye." Alikuogopea! Eti unaniogopea. Ulikalia mukono wako, halafu ukakalia na wangu. Na mimi nimekaa hapa nikijaribu kukuonea huruma, na huruma inakuja, ninaifukuza, inarudi. Sijui niifanye nini.

Jumamosi ya kumaliza kilio ikafika. Misa, chakula, watu mpaka barabarani, wengine hawakukujua hata kidogo, walijua tu sahani. Papa Anselme alikuwa amesimika sinté yake na groupe ya umeme inalia nyuma ya nyumba, amekaa anangojea nishindwe ili afungue tika-tika yake. Nikakaa ku kiti. Nikakamata ukulele, mukono wa kushoto ku nyuzi.

Sauti ikapita kati ya wamama: "Anapiga na kushoto, eeh, anapiga na kushoto mbele ya watu!" Mama mumoja wa parwasi akafanya alama ya musalaba. Nikapiga akorde ya kwanza, ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu nikaikosa, kidole kikateleza, nikasimamisha wimbo. Wakaanza kuguna, na Papa Anselme akanyoosha vidole vyake juu ya sinté. Ndipo Shangazi, kutoka ku kiti chake, bila kuamuka: "Anselme, ondoa mikono. Ni vile marehemu alikuwa anapiga. Mulikuwa munatazama nini?"

Walikuwa wanajaribu kukumbuka, Papa, niliwaona, wanajaribu kukumbuka mukono wako na hawaupate. Nikaanza upya. Polepole, kama mutoto anayesoma kwa kidole. Akorde ya tatu ilikuja imechelewa, kila mara imechelewa, na watu wakalazimika kuningojea ndani ya wimbo. Wakaningojea. Ku ubeti wa pili nilifungua mudomo na sauti ikatoka. Si sauti nzuri. Lakini ilienda pale nyuzi zilikuwa zinaenda, haikupotea, na mushangao ulinikamata mpaka karibu nikose tena. Wamama waliotoka Butembo kwa ajili ya kilio walishika kiitikio. Sinté haikulia siku hiyo.

Nyuma yake Papa Anselme alinikaribia na kuniambia kama, sasa kilio kimeisha, anaweza kunigeuzia nyuzi, nipige kama watu. Nilimuambia aende kugeuza vifungo vyake.

Ninafunga barua, kuna mama anangojea gauni lake. Pumuzika, Papa, kama wanakuacha upumuzike huko. Sijakusamehe, usijidanganye. Ninakupenda na hasira ndani, ni vile ulivyoniacha. Ahadi yangu ni hii: nimeanza wimbo mwingine, wangu, haufanani na wako, na bado ni mubaya sana. Jumapili nitauleta ku kaburi. Nitaupiga wote, na makosa yake yote, na mukono wa kushoto, na weye utausikiliza mpaka mwisho, juu safari hii huwezi kuamuka uninyanganye.

Mutoto wako,
Masika