Salamu Wameshapokea

Ijumbi, Muleba

Mjukuu wangu Koku,

Hatujambo. Kahawa imechanua, nyumba nzima inanukia hadi nasinzia mchana. Unauliza utawafundishaje mdahalo wasichana wanaoogopa kusema mbele ya wanaume.

Enzi za ujamaa, mwalimu wetu wa kike alitupeleka mjini Bukoba kushindana na wavulana. Zamu yangu ilipofika nikaona waamuzi ni wazee, nikapiga magoti kuwasalimu, kama tulivyolelewa. Magoti yakagoma kuinuka. Nikaanza kutoa hoja nikiwa pale pale chini, ukumbi ukacheka.

Mwalimu akaja, akapiga magoti kando yangu, akawasalimu wazee taratibu. Kisha akanishika kiwiko, tukainuka pamoja.

“Salamu wameshapokea,” akaninong’oneza. “Sasa wape hoja.”

Aliyeshinda simkumbuki. Ila hata leo, nikisimama kusema neno kanisani, kiwiko hupata joto.

Bibi yako