Sauti ya Inspekta Miwani

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi ni wazima. Baba amehamishiwa zamu ya mchana kule kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo siku hizi analala usiku kama watu wengine. Mama anasema alikuwa amesahau jinsi anavyokoroma.

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, unisamehe mwandiko. Tamthilia yetu ya Inspekta Miwani wameitengeneza upya, sasa ni filamu. Nimeona kionjo chake. Shangazi, wamemvua miwani! Ni kijana wa kifua kipana, anaruka madirisha. Inspekta wetu hata mwavuli ulikuwa unamshinda kufunga.

Lililoniuma zaidi ni pale anapomkamata mwizi. Nilingoja aseme, "Kaa kwanza. Umeshakula?" Akasema, "Mtie pingu." Basi.

Unanijua, darasani sisemi. Lakini juzi nilisimama mbele ya wote nikasema filamu hiyo isitazamwe, kwa sababu wameondoa maneno mazuri kuliko yote. Mwenzangu wa dawati, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akaangua kicheko.

"Profesa, hiyo umeiota! Amuulize mwizi kama amekula? Yule ni polisi au mpishi?"

Tangu hapo kila nikipita naulizwa kama nimeshakula.

Jana nilikwenda kwao Redio kumthibitishia. Dada yake anayo tamthilia yote kwenye kompyuta. Tukaiwasha, sauti juu. Shangazi, ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia Inspekta. Ana kisauti chembamba, kama mtu aliyebanwa na mlango. Akamkamata mwizi, akasema, "Mtie pingu."

Ndipo nikakumbuka. Baba alikuwa akilala mchana, tukawa tunazima sauti kabisa. Wewe ulikaa kwenye mkono wa kochi ukiwasemea wote kwa kunong'ona: Inspekta, mwizi, hata mbwa. Nilikuwa mdogo, nikadhani unayasoma midomoni mwao. Mbona hukuniambia?

Sasa sijui nimkasirikie nani. Suala la miwani sijawasamehe, lakini maneno hawakuyaondoa. Hayakuwamo. Na kesho ni shule.

Ila huyo Inspekta wao simtaki, wa zamani wala wa sasa. Mimi ninayeogopa watu, maneno yako ndiyo niliyokuwa nikiyatumia. Hata Redio, siku alipohamia darasani kwetu na hakuna aliyempa nafasi, nilimwambia, "Kaa kwanza. Umeshakula?" Jana nilipomkumbusha, alinyamaza. Redio, Shangazi! Kisha akasema, "Kumbe ni shangazi yako aliyeniweka kwenye dawati lile."

Filamu itaonyeshwa kwenye televisheni Jumamosi ijayo, alasiri. Baba anasema hakuna haja ya kupunguza sauti, yuko macho. Mimi nitaizima. Wewe tupigie simu tu uwasemee, tutaiweka katikati ya meza. Redio atakuja, ameahidi kufunga mdomo.

Msalimie Mjomba na wale pacha. Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa hajui alichotufanyia kwa usingizi wake. Mungu akulinde huko, na sauti yako ailinde zaidi.

Ni mimi akupendaye hata akinuna,
Profesa wako.