Malimi, Mkono Uliouinua Pale Wavuni

Mwaka umetimia, Malimi binti Mashimba, tangu asubuhi ile ya Machi 1998 ulipotutoka, mvua za El Niño zikiwa bado hazijakatika. Malaria ilipanda kichwani. Siku tatu tu, ukaenda. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja, na magoti imara kuliko ya sisi sote. Hapa nyumbani Mkuyuni bado tunaulizana habari zako, kila mtu ana lake, na hazilingani.

Tunakumbuka ulivyoinama kwenye kila mlango. Ulikuwa ukimpigia Mama goti kumwamkia, na hata ukiwa umepiga goti mlikuwa karibu sawa kwa urefu, naye hucheka kabla ya kusema marahaba. Soksi zako nene za magoti ulizianika kwenye kamba, majirani wakauliza ni vazi gani lile. Na sato wa kwanza kutoka sokoni hakuliwa mpaka umempelekea Bibi Kashindye wa jirani, asiyeona.

Ulianza kazi katika kiwanda cha mafuta ya pamba, ukijaza madebe mchana na jioni ukicheza mpira wa wavu katika timu ya kiwanda. Wakakufanya nahodha. Mwaka 1994 kiwanda kikauzwa, na tajiri mpya akatamka mbele ya wafanyakazi: timu ikileta kombe la kanda itabaki, pamoja na ajira za wachezaji, ikikosa, wote kumi na wawili wanapunguzwa kazi.

Mama alikuwepo siku ya fainali. Seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu, ninyi mko mbele. Mpinzani akapiga mpira kwa nguvu. Wewe na mchezaji mwenzako Suzana mkaruka pamoja wavuni kuuzuia. Mpira ukapita, ukaangukia nje. Mwamuzi akapuliza filimbi, akawapa ninyi pointi na ushindi. Mama yetu, mwanamke asiyependa kutazamwa, alijikuta katikati ya uwanja, kitenge kimemlegea, akipiga vigelegele.

Hapo ndipo ulipoinua mkono. Ulimwendea mwamuzi ukamwambia, "Niliugusa."

Mpira ukimgusa mzuiaji kabla haujatoka nje, pointi ni ya wapinzani. Mama hakulijua hilo. Aliendelea na vigelegele peke yake, watu wote wamenyamaza, mpaka Suzana akamshika bega na kumrudisha kwenye benchi. Mwamuzi akawapa wapinzani pointi ile, mkawa sare, na dakika chache baadaye mkafungwa, kumi na sita kwa kumi na nne. Wiki ile ile mkapunguzwa, wote.

Watu walisema mengi. Kwamba ulihongwa. Kwamba ulikwishapata timu Nairobi, ukataka hii ife. Mama hakujua amkasirikie nani. Alikuuliza jikoni, "Ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Sijui, Mama. Mkono ulikwenda juu kabla sijafikiri."

"Haya, ulikugusa wapi? Kidole gani?"

Ulivitazama vidole vyako, ukarudi kuchambua mchele.

Mwaka uliofuata kampuni moja ya Nairobi ilikuchukua uichezee kwa mshahara. Baba hakuelewa. "Ukishamaliza kucheza," aliuliza, "unafanya kazi gani?"

"Kazi ndiyo hiyo ya kucheza, Baba."

Akawaambia wenzake kwamba wewe ni karani. Lakini picha yako ilipotoka gazetini, umeruka mpaka kifua kimefika usawa wa wavu, aliikata kwa wembe akaiweka ndani ya Biblia yake. Hakumwambia mtu, Mama ndiye aliyeiona.

Katika kila barua uliuliza, "Suzana hajambo?" Suzana, rafiki yako tangu darasa la tano, alikuwa amehamia Magu kuuza mchele kando ya barabara, na akimwona mtu wa kwetu alivuka upande wa pili. Tulidhani anakuchukia kwa kumkosesha kazi. Hata mazishini hakuja.

Mwezi uliopita alikuja. Alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini leo, Suzana?"

"Mpira ule ulinigusa mimi, mama. Kidole hiki cha mwisho. Nilisikia kabisa. Nikanyamaza, maana nilikuwa na watoto wawili na ajira ile tu. Mara namwona Malimi ameinua mkono."

"Na yeye ulimgusa?"

"Sijui. Pengine ulitugusa wote wawili. Pengine aliniona mimi. Niliogopa kumwuliza, mama, kwa kuwa angenijibu."

Mama aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Miaka yote alikutetea sokoni kwa sababu asiyoijua, na sasa hajui kama ashukuru au akugombeze. Ulibeba la mwenzio, ukaacha jina lako litafunwe mbele ya mama yako? Au mpira ulikugusa kweli, ukasema kweli, basi? Kaka yako Ngosha anasema ulijua kila kitu. Baba anasema mtu hawezi kujua kitu kwa kufumba na kufumbua namna ile. Wanabishana mpaka chai inapoa, halafu wanatazama kiti chako.

"Ingia ule," Mama alimwambia Suzana hatimaye. Akampakulia ugali na dagaa, wakala. Kisha Mama akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike, na Suzana alipouliza anamlilia nani, Mama alisema hata yeye hajui.

Wanaokukumbuka ni baba yako Mashimba, mama yako Kija, kaka yako Ngosha, mdogo wako Selina, Bibi Kashindye, na ukoo wote wa Mkuyuni na Magu. Baba alitaka majina yaishie hapo. Mama, ambaye kwa kawaida hapendi kuandika, alichukua kalamu akaongeza kwa mkono wake: na Suzana Mayala, rafiki yako.

Hatujakuelewa, Malimi. Kukusahau hatutaweza.