Hatua za Laurette Jikoni

Frenchville, Maine
9 Novemba

Dada yangu mpendwa Géraldine,

Natumaini barua hii itakukuta magoti yametulia na shemeji Armand amepumzika kukohoa. Mimi mwili haujambo. Nyumba ndiyo kimya.

Lile kapeti la plastiki alilotandika mama jikoni nimeling'oa, maana limeoza kando ya sinki. Nataka kuweka vigae, usinicheke. Siku tatu nimekwangua gundi, nikachomoa misumari na kubadilisha ubao mmoja uliooza. Nilipomaliza nikasimama katikati, sakafu ikalia na kubonyea. Na sakafu ikicheza, vigae havifiki Krismasi bila kupasuka.

Kutafuta penye kubonyea ni kazi ya watu wawili: mmoja atembee juu, mwingine awe kwenye chumba cha chini ya nyumba na tochi, atazame boriti zinazobeba sakafu. Nilijaribu peke yangu. Nakanyaga, nakimbilia ngazini, nikifika chini kumeshatulia. Mara ya nne nikaketi kwenye ngazi nikafikiri ni nani ninayeweza kumwita. Nilimpata mmoja tu, naye hatusalimiani.

Ni jirani yangu, Laurette Daigle. Miaka mitatu iliyopita nilikata matawi ya mtofaa wake yaliyoingia uani kwetu, na tangu hapo hajanitazama usoni. Nikavuka theluji, nikabisha.

"Umekuja kumalizia mti?"

"Nimekuja kukuomba uje utembee jikoni kwangu."

"Rosaire, umelewa saa hizi?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe unatafuta mtu mzito! Si useme tu, mzee wewe!" Akavaa viatu.

Nikashuka na tochi na chaki. Juu yangu akaanza kutembea, toka jiko hadi dirishani, akinisuta kwa vyombo vichafu. Géraldine, tangu tumzike mama sijasikia mtu akitembea humu ila mimi mwenyewe. Mzunguko wa pili nikapaona: ubao umeachana na boriti, unapanda na kushuka kila anapokanyaga. Nikatia alama.

"Umepaona?" akapaza sauti.

"Bado," nikasema. "Zunguka tena."

Alizunguka mara tano zaidi. Kisha akasema ana sufuria motoni, akaenda zake.

Jana nilipiga skrubu, nikalaza plaiwudi juu yake. Sasa sakafu imetulia kama jiwe, hata ukiruka haitoi sauti. Kazi yote iliyobaki ni ya mtu mmoja.

Msalimie Armand, na mwanao Lise na kichanga chake ambaye sijamwona. Mwenyezi Mungu awafunike nyote kwa rehema zake katika baridi hii.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Rosaire